Ipi ni Dawa Bora ya Kifafa? Somo Kutoka Freiburg, Mahenge na Nakuru



Mwaka jana, katika kipindi changu cha pili cha asubuhi, msichana mmoja wa mwaka wa tatu aliinuka kusoma kifungu cha habari. Alisoma sentensi mbili, akasita, akatoa sauti kama ya mtu aliyeshtushwa usingizini, kisha akaanguka baina ya madawati. Mwili ulikakamaa, halafu ukaanza kutukutika. Wenzake walikimbilia mlangoni. Mmoja wao alipaza sauti kwa Kinyarwanda kwamba huo ni igicuri, na kwamba mtu yeyote asimguse, kwani povu la kinywa huambukiza.

Nami, mwalimu wao, nilifanya nini? Ni aibu kusema, lakini nitasema. Nilianza kutafuta kijiko nikitie baina ya meno yake, maana ndivyo nilivyoona wazee wakifanya utotoni mwangu. Bahati njema sikukipata. Baada ya dakika mbili hivi mtoto alitulia, akalala usingizi mzito, na alipoamka aliomba radhi. Kuomba radhi kwa kuugua! Neno hilo halijanitoka moyoni.

Jioni mama yake alikuja shuleni. Katika kitambaa alikuwa amefunga aina mbili za vidonge. “Mwalimu,” akasema, “hivi vidogo vyeupe tulipewa hapa Gisenyi. Hivi vingine dada yangu alivinunua Goma. Yeye anasema vya bei rahisi ni vya maskini, vya bei ghali ndivyo vinavyoponya. Kwa hiyo wiki hii nampa hivi, wiki ijayo nampa vile. Wewe umesoma. Niambie, ipi ni dawa bora?”

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si tabibu. Nilimsihi arudi kituo cha afya kesho yake akiwa na vidonge vyote viwili, na nikamsindikiza. Hata hivyo swali lake lilinifuata nyumbani, nikaanza kusoma. Insha hii ni matunda ya usomaji huo. Nimeiandika kwa sababu swali la mama yule lina historia ndefu, na sehemu muhimu ya jibu lake ilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na maneno

Kila lugha hutunza hofu za wasemaji wake. Neno *kifafa* linatukumbusha kitenzi *kufa*, na silabi ile ya mzizi imerudiwa: fa, fa. Anayeanguka huonekana amekufa, kisha hurudi, kisha hufa tena. Neno *degedege*, linalotumika kwa mitukutiko ya watoto wadogo wenye homa kali, linatokana na *dege*, yaani ndege mkubwa. Pwani ya Tanzania wako walioamini kwamba ndege wa kishetani hupita juu ya nyumba na kumkumba mtoto. Nasi Wanyarwanda tunasema *igicuri*, na wengi hulitaja jina hilo kwa sauti ya chini.

Katika maneno hayo matatu hakuna hata moja linalotaja ubongo. Sayansi inatuambia kwamba kifafa ni hitilafu ya ubongo: chembe zake, ambazo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, hufyatua umeme huo kwa pamoja na bila mpangilio. Sababu zake ni nyingi. Kuna jeraha la kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mabuu ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni, na urithi. Mara nyingi sababu haijulikani. Lakini hakuna njia yoyote ambayo povu au mate ya mgonjwa yanaweza kumwambukiza mwingine.

Dawa iliyopatikana kwa kukosea

Dawa ya kwanza iliyofaa kweli ilipatikana kwa fikra zisizo sahihi. Mwaka 1857, jijini London, tabibu Charles Locock aliwaeleza wenzake kwamba amewatibu wanawake wenye kifafa kwa chumvi iitwayo bromidi ya potasiamu. Yeye na watu wa zama zake waliamini kwamba kifafa kinahusiana na ashiki za mwili, na bromidi ilisifika kwa kuzituliza. Dhana hiyo ilikuwa potofu, ila dawa ilifanya kazi. Kwa miongo mitano iliyofuata wagonjwa wa Ulaya na Marekani walimeza bromidi, wakapata nafuu, lakini kwa gharama: ngozi ilijaa vipele, na akili zilidumaa.

Hatua iliyofuata ni ya mwaka 1912. Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Mfalme Yuhi wa Tano Musinga, na mji wetu wa Gisenyi ulikuwa kituo cha utawala wa Kijerumani. Huko huko Ujerumani, katika mji wa Freiburg, daktari kijana Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa mpya ya usingizi, fenobabitali, iliyouzwa kwa jina la Luminal. Alikusudia tu walale vizuri. Aliona kwamba wale waliokuwa wakianguka mara kwa mara sasa hawaanguki, au wanaanguka mara chache. Akachapisha matokeo yake mwaka huo huo. Vile vidonge vidogo vyeupe vilivyokuwa katika kitambaa cha mama yule ni dawa hiyo hiyo, baada ya zaidi ya miaka 100.

Hapa historia inakuwa chungu, na sisi Wanyarwanda tunapaswa kuisoma kwa makini. Julai 1933 serikali ya Wanazi ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliotajwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Kifafa kilikuwa katika orodha hiyo. Hauptmann mwenyewe alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1935 alifukuzwa katika kazi yake ya uprofesa mjini Halle; mwaka 1938 alifungwa katika kambi ya Dachau. Alipoachiliwa alikimbia nchi, akafia Boston, Marekani, mwaka 1948. Nchi ile iliyowapa watu wa kifafa dawa ndiyo iliyowaandikia sheria ya kuwakata uzazi, na ikamfukuza aliyewatibu. Basi tusidhani kwamba maarifa peke yake huleta utu. Maarifa yakikosa utu hutumika kuorodhesha watu.

Dawa zinaongezeka

Mwaka 1938, huko Boston, Houston Merritt na Tracy Putnam walitangaza dawa nyingine, fenitoini. Tofauti na waliotangulia, wao hawakuipata kwa bahati: walijaribu kemikali nyingi kwa paka waliotiwa mitukutiko kwa umeme, wakatafuta ile inayozuia mitukutiko bila kulaza usingizi. Hilo lilikuwa fundisho kubwa, kwamba dawa inaweza kuzuia kifafa bila kuifunika akili. Ubaya wake ni kwamba kipimo chake ni chembamba: ukizidisha kidogo, mgonjwa huyumba kama mlevi, na kwa matumizi ya muda mrefu ufizi huvimba.

Mwaka 1953 Walter Schindler wa Uswisi aliunda kabamazepini. Inawafaa sana wale ambao kifafa chao huanzia sehemu moja ya ubongo, lakini aina nyingine za kifafa inaweza kuzizidisha. Kisha ikaja valproeti, ambayo kisa chake huwachekesha wanafunzi wangu. Kwa muda mrefu ilitumika maabarani kama kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mfaransa, Pierre Eymard, aligundua kwamba kila dawa aliyoiyeyusha humo ilionekana kuzuia kifafa. Kumbe aliyekuwa akitenda kazi ni maji ya kuyeyushia! Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1967.

Kufikia hapo ulimwengu ulikuwa na dawa nne kuu: fenobabitali, fenitoini, kabamazepini na valproeti. Swali la mama yule likazaliwa rasmi: ipi ni bora?

Mahenge: dawa ya zamani katika mlima

Kabla ya kulinganisha dawa, twende Mahenge, katika milima ya Ulanga, mkoa wa Morogoro, Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Jilek-Aall, alikuta miongoni mwa Wapogoro wagonjwa wengi wa kifafa kuliko alivyotarajia. Wengi walikuwa wamefichwa. Walikula peke yao, walilala peke yao, na walipoangukia motoni watu walisita kuwaopoa kwa kuogopa kuambukizwa. Alianzisha kliniki ya kifafa, na dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitali.

Dawa ile kongwe ilibadilisha maisha. Wagonjwa waliokuwa mzigo walirudi shambani, na waliotengwa walianza kukaribishwa. Lakini ufuatiliaji wa miaka 30, uliochapishwa mwaka 1992, una habari za kuhuzunisha pia. Kati ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa, 110 walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: kuzama majini, kuungua, au mitukutiko isiyokoma.

Nilipolisoma hilo nilitazama nje. Sisi wa Rubavu tunaishi kandokando ya Ziwa Kivu, na katika nyua zetu mbabula za makaa huwaka tangu alfajiri. Maji na moto ndivyo tulivyo navyo. Mgonjwa wa kifafa asiye na dawa huishi baina ya viwili hivyo kila siku.

Nakuru: jibu la kwanza

Sasa tufike kwenye jaribio ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha insha hii. Katika wilaya ya Nakuru, Kenya, Daktari A. T. Feksi na wenzake waliuliza swali lile lile la mama wa Gisenyi. Waliwapata watu 302 wenye kifafa ambao hawakuwa wakitibiwa. Wakawagawa kwa kura: baadhi walipewa fenobabitali, ambayo ni rahisi na kongwe, wengine kabamazepini, ambayo ni mpya zaidi na ghali zaidi. Matibabu yalitolewa kupitia huduma za afya ya msingi, karibu na makazi ya watu, si katika hospitali kubwa ya jiji.

Kwa nini kura? Wanafunzi wangu wa hesabu wanajua jibu. Tabibu akichagua mwenyewe nani apewe dawa ipi, huenda akawapa wagonjwa walio mahututi dawa ghali, na ulinganisho ukaharibika. Kura haina upendeleo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Wagonjwa 249 walimaliza miezi 12. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 53 hawakuanguka hata mara moja, na asilimia nyingine 26 walipungukiwa na mianguko kwa zaidi ya nusu. Na baina ya dawa hizo mbili? Hapakuonekana tofauti ya maana, si katika nguvu ya kuzuia kifafa, wala katika madhara. Kidonge cha maskini kilisimama bega kwa bega na kidonge cha tajiri.

Msinielewe vibaya, lakini. Jaribio la Nakuru halikusema kwamba dawa zote ni sawa kwa watu wote. Lilisema kwamba kwa wagonjwa wengi wasiotibiwa, tofauti kubwa iko baina ya kupata dawa na kutopata kabisa, na kwamba bei si kipimo cha ubora.

Kilifi: onyo

Watafiti wa Kenya walitupa pia onyo. Katika hospitali ya Kilifi, pwani, watoto wenye malaria ya kichwani hupatwa na mitukutiko mikali. Ilionekana ni busara kuwapa wote fenobabitali mapema ili kuizuia. Watoto 340 walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000: nusu walipewa dawa, nusu hawakupewa. Mitukutiko ilipungua kweli, kutoka asilimia 27 hadi 11. Lakini vifo viliongezeka, kutoka asilimia 8 hadi 18. Dawa ilitimiza kazi iliyopewa, na bado ikaua.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kilifi inatufundisha kuuliza mara mbili: je, dawa inazuia dalili? Na je, mgonjwa anaishi? Dawa inayofaa kwa kifafa cha kila siku, kwa kipimo kidogo, inaweza kuwa hatari kwa kipimo kikubwa kwa mtoto aliyezimia kwa malaria.

Basi, ipi ni bora?

Tangu wakati huo dawa zimeongezeka. Lamotrijini ni mojawapo. Mwaka 2007 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, lamotrijini ilivumiliwa vizuri zaidi na wagonjwa, ilhali kwa kile kinachoshika ubongo wote kwa mara moja, valproeti ilitangulia.

Lakini valproeti ina jambo ambalo kila msichana na kila mama anapaswa kulijua. Mwanamke akiitumia akiwa mjamzito, takriban watoto 10 katika 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 katika 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Fenobabitali nayo huleta usingizi na, kwa baadhi ya watoto, fujo na ugumu wa kusoma. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini zinaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI.

Mnaona sasa? Bora kwa nani? Kwa aina ipi ya kifafa? Kwa msichana au mzee? Itapatikana mwezi ujao, au itakatika? Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa kishindo, hata mitukutiko ikakataa kukoma. Dawa ya kawaida inayopatikana kila mwezi inaushinda ugeni wa dawa bora inayopatikana mara moja kwa mwaka.

Vile vidonge vya Goma katika kitambaa cha mama vilikuwa valproeti, na binti alikuwa na miaka 16. Muuguzi alipovitazama alinyamaza kidogo, kisha akamweleza mama polepole. Hakumkaripia. Alimpangia siku ya kumwona daktari, na daktari akarekebisha kipimo cha vidonge vyeupe, akaonya kwamba kubadili dawa kila wiki ndiko kulikomwangusha mtoto.

Nyumbani Rwanda

Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2005 kwa watu 1137 ulikuta kwamba takriban watu 49 katika kila 1000 walikuwa na kifafa au wamewahi kukipata. Hilo si jambo la familia chache. Katika shule yenye wanafunzi 1000, hesabuni wenyewe.

Hospitali ya Ndera, Kigali, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo, imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili na wa kifafa tangu mwaka 1972. Leo tuna bima ya afya ya jamii, vituo vya afya, na wajumbe wa afya katika kila kijiji. Fenobabitali imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na shirika hilo linakadiria kwamba dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5 tu. Linasema pia kwamba takriban asilimia 70 ya wagonjwa duniani wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo.

Kwa nini basi wengi hawatibiwi? Sababu moja ni biashara: dawa rahisi haina faida kubwa kwa mtengenezaji. Nyingine ni sheria: fenobabitali inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, hivyo kuiingiza nchini kunahitaji vibali. Lakini ya tatu iko mikononi mwetu, nayo ni aibu. Hakuna dawa inayomfikia mtu aliyefichwa chumbani.

Siku chache baada ya tukio lile tulitenga kipindi kizima kujifunza, mimi nikiwa mwanafunzi pamoja nao. Tulijifunza kumlaza mgonjwa ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake, kulegeza kola, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kutotia chochote kinywani, na kutazama saa. Mitukutiko ikipita dakika tano, ni lazima apelekwe hospitali haraka.

Muhula huu msichana yule alianguka tena, mara moja, uwanjani. Sikuwapo. Nilipofika nilimkuta amelala ubavu, sweta ya mwenzake iko chini ya kichwa chake, na yule kijana aliyepiga kelele mwaka jana amepiga magoti kando, macho yake kwenye saa. “Dakika moja na nusu, mwalimu,” akaniambia.

Safari hii, alipoamka, hakuomba radhi.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini watafiti wa Nakuru waliwagawa wagonjwa kwa kura.
2. Jaribio la Kilifi linatofautianaje na lile la Nakuru, na kila moja linatufundisha nini?
3. Andika insha ya aya tatu kuhusu neno la ugonjwa katika lugha ya nyumbani kwenu ambalo limebeba hofu. Je, neno hilo linasema ukweli?